Kabla hujanunua kompresa ya AC ya gari: ikague hivi kwanza

Ilikuwa mwezi wa pili, joto la Dar es Salaam likiwa halina huruma, mama mmoja alipoingiza Toyota IST yake kwenye kibanda changu. Mtoto alikuwa amelala kiti cha nyuma, nywele zimelowa jasho. Fundi wa kwanza alimwambia gesi imeisha, akajaza. Wiki tatu baadaye upepo ukawa wa moto tena, akajaza tena. Ikawa mara ya tatu, ikawa ya nne. Mwishowe fundi mwingine akafungua boneti, akatazama kidogo, akamwambia kompresa imekufa, atafute hela.

"Sasa baba, nimwamini nani?" aliniuliza.

Nikamwambia, mama, tukae na gari lako nusu saa, litatuonyesha lenyewe. Mwongozo huu ni nusu saa ile. Sehemu kubwa unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani, bila geji za kupimia presha na bila kufungua bolti hata moja. Kazi ya geji inahitaji fundi, lakini ukiielewa utaweza kusimama pembeni yake na kusoma anachokisoma.

Kwanza, kinachofanyika humo ndani

Kompresa ni pampu. Inavuta gesi yenye presha ndogo kutoka kwenye evaporeta iliyojificha ndani ya dashibodi, inaikandamiza mpaka inapata moto, halafu inaisukuma kwenye kondensa, ile inayosimama mbele ya rejeta. Pale gesi inapoa na kuwa kimiminika. Inapita kwenye draya inayonyonya unyevu, inafika kwenye ekspansheni, inapenya kwenye tundu jembamba, presha inashuka ghafla na baridi inazaliwa. Kisha inarudi kwenye kompresa, mzunguko unaanza upya.

Jambo ambalo wenye magari hawaambiwi ni kuhusu oili. Injini ina sampu, yaani bakuli la oili chini yake, na kijiti cha kupimia. Kompresa nyingi za magari madogo hazina. Oili yake husafiri pamoja na gesi, inazunguka mfumo mzima na kurudi kulainisha pistoni. Gesi ikipungua, oili hairudi inavyotakiwa. Gesi ikivuja, na oili nayo hutoka kidogo kidogo. Anayejaza gesi bila kutafuta panapovuja, na bila kurudisha oili iliyopotea, anaizungusha kompresa ikiwa kavu. Kompresa nyingi nilizozifungua hazikufa kwa uzee. Ziliuawa na jaza-jaza.

Hatua ya 1: Kaa ndani ya gari

Usianze na boneti. Washa injini, fungua vioo vyote dakika mbili joto lililojifungia litoke, kisha vifunge. Weka baridi ya mwisho, hewa ya kuzunguka ndani, feni kasi ya kati. Chomeka kipimajoto kwenye tundu la hewa la katikati. Vile vidogo vya jikoni vinatosha kabisa. Kanyaga mafuta kidogo mshale wa mizunguko ya injini ukae 1,500, subiri dakika tano.

Mahali pakavu kama Dodoma, AC nzima itashuka mpaka nyuzi 5 au 7. Huku pwani, hewa ikiwa imejaa unyevu na gari limesimama juani, nyuzi 10 hata 12 si ugonjwa. Evaporeta inatumia nguvu nyingi kukamua maji yaliyomo hewani. Ndiyo yale maji unayoyaona yakidondoka chini ya gari upande wa abiria, na ukiyaona, furahi.

Kama hewa ni ya baridi lakini inatoka kidogo mno, kompresa haihusiki. Vuta filta ya kabini, mara nyingi iko nyuma ya kisanduku cha dashibodi. Nimetoa filta zilizojaa majani ya mwarobaini na nywele za paka, hewa haina pa kupita.

Sasa angalia tabia ya baridi yenyewe. Kompresa inayoanza kuchoka bado inatoa baridi, ila baridi hiyo inafuata mwendo wa injini. Ukikimbia kutoka Kimara kuelekea Kibaha unajisikia vizuri. Ukikwama kwenye foleni ya Mandela, hewa inageuka kuwa upepo mtupu. Ndani yake pistoni na valvu zimelika, kila ikisukuma, gesi nyingine inarudi nyuma. Ikizungushwa haraka inawahi kusukuma kabla gesi haijarudi, ikizungushwa taratibu inashindwa.

Tatizo ni kwamba feni ya kondensa iliyokufa inaleta dalili hiyo hiyo. Gari likikimbia, upepo wa barabarani unapoza kondensa. Likisimama, hakuna wa kuipoza. Hapa ndipo watu wanapoteza hela zao, wananunua kompresa wakati feni ndiyo iliyolala. Kutofautisha ni rahisi. Chukua maji lita tano. Gari likiwa silensa, yaani linawaka bila kukanyaga mafuta, na AC imewashwa, mwagia kondensa taratibu kupitia grili, ukikwepa soketi za umeme. Kipimajoto kikishuka ndani ya dakika moja au mbili, shida iko kwenye kupoza: feni haizunguki au inazunguka kivivu, ama mapezi ya kondensa yamezibwa na vumbi na wadudu. Wanaoishi karibu na bahari, Kigamboni, Nyali au Unguja, waangalie pia mapezi yaliyoliwa na chumvi, yanavunjika kama unga ukiyagusa. Kama maji hayakubadilisha kitu, lakini ukikanyaga mafuta mpaka 2,000 baridi inakuja, basi kompresa ina kesi ya kujibu.

Kwenye ile IST feni ilikuwa inazunguka vizuri. Maji lita tano hayakusaidia. Silensa kipimajoto kilisoma 21. Kwenye 2,000 kilishuka mpaka 13. Nikaachia mafuta, kikapanda tena huku mama anakitazama.

Hatua ya 2: Tazama klachi

Kabla ya kuinama kwenye injini inayozunguka, vua mtandio, kanga, tai na kamba ya kitambulisho, na nywele ndefu zifungwe. Mkanda hauulizi.

Mtu mmoja akae kwenye usukani, mwingine na tochi atazame mbele ya kompresa. Utaona puli inayozungushwa na mkanda muda wote, na mbele yake sahani ya klachi. AC ikiwa imezimwa, sahani imetulia. AC ikiwashwa, utasikia "tak!", sahani inavutwa na sumaku na kuzunguka pamoja na puli. Injini inashtuka kidogo kwa sababu imebebeshwa mzigo.

Ikiwa hakuna "tak", usihukumu bado. Badilisha fyuzi. Chomoa rilei ya AC uweke ya honi kama zinafanana, ujaribu tena. Gari lenye gesi kidogo mno nalo halishikishi klachi, kwa sababu swichi ya presha inakata umeme ili kuilinda kompresa. Umeme wa volti 12 ukifika kwenye waya wa klachi na bado haishiki, pima koili yake: nyingi husoma kati ya omu 3 na 5. Ukipata mkato kabisa, koili imeungua, na koili inauzwa peke yake.

Ikishika na kuachia kila baada ya sekunde chache, mara nyingi ni gesi kupungua. Presha inavutwa chini mpaka swichi inakata, inapanda kidogo, inashika tena. Kompresa haijafa, lakini ukiendelea hivyo miezi miwili, utaiua.

Kuna ugonjwa mmoja unaowachanganya hata mafundi. Asubuhi AC inapuliza vizuri. Gari likitembea saa moja na injini kupata moto, inakata. Ukizima na kuliacha lipoe, inarudi. Sahani na puli vinalika kwa miaka, nafasi katikati yao inatanuka, na koili ikipata moto sumaku yake inadhoofika, haiwezi tena kuivuta sahani. Zima injini, pima nafasi hiyo kwa geji ya majani, vile vibati vyembamba vya kupimia upana wa nafasi; kwenye kompresa nyingi inatakiwa kuwa kati ya milimita 0.3 na 0.6. Ikiwa imefika 0.8 au zaidi, fungua nati ya katikati, ondoa washa moja nyembamba iliyo nyuma ya sahani, funga. Ni kazi ya dakika ishirini, nayo imerudisha kompresa nyingi zilizokuwa zimeandikiwa kifo.

Dalili mbaya zaidi ni sahani kushika halafu kuteleza: mkanda unapiga yowe, harufu ya kuungua inapanda, na ukimulika unaona chuma kimebadilika rangi ya bluu. Hapo zima AC mara moja. Zima na injini, chomoa waya wa klachi, jaribu kuzungusha sahani kwa mkono. Inatakiwa izunguke kwa uzito laini, ukihisi pistoni zinapokezana. Ikigoma, au ikikwama mahali fulani kila mzunguko, ndani kumeshashikana.

Magari ya karibuni yana kompresa zisizo na klachi ya sumaku kabisa. Puli inazunguka na shafti yake siku zote, na valvu ya umeme ndiyo inayoamua isukume kiasi gani. Hizo hazina "tak", usizikae kuzisubiri. Nenda moja kwa moja kwenye hatua ya mabomba na geji.

Hatua ya 3: Sikiliza

Zima redio, zima feni ya ndani. Mtu awashe na kuzima AC mara nne, tano, wewe ukisikiliza.

Mlio unaosikika AC ikiwa imezimwa na kubadilika au kupotea inapowashwa unatoka kwenye beringi ya puli. Beringi hiyo hubadilishwa peke yake, kompresa ikabaki. Mlio unaoanza pale tu klachi inaposhika, wa kusaga kama mchanga kwenye kinu, au wa kugonga unaoenda na mwendo wa injini, unatoka ndani. Wakati mwingine kugonga huko kunaletwa na gesi iliyozidi: gesi inarudi ikiwa bado kimiminika, na kompresa haiwezi kukandamiza kimiminika. Punguza gesi mpaka kipimo sahihi kabla hujatoa hukumu, ila usichelewe, kwa sababu kugonga huko huvunja valvu.

Milio ya injini inadanganya. Alternata, pampu ya maji na puli ya kukaza mkanda zote ziko pale pale. Chukua bisibisi ndefu, gusisha ncha kwenye mwili wa kompresa, mbali na mkanda, na mpini wake uweke kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Kisha hamia alternata, kisha pampu. Penye ugonjwa sauti inakuja kama mtu anakunong'oneza.

Hatua ya 4: Tafuta oili

Injini ikiwa imezimwa na kupoa, mulika mbele ya kompresa, nyuma ya klachi, kwenye maungio ya mabomba na mstari unaoziunganisha nusu mbili za mwili wake. Gesi haionekani, lakini oili inayotoka nayo inaonekana, na vumbi letu linaipenda. Tope jeusi lenye mafuta kuzunguka shafti lina maana sili ya mbele inavuja. Mulika pia boneti kwa ndani na kuta zilizo sambamba na klachi. Oili inayorushwa na sahani inachora mstari kama dawa iliyopulizwa.

Paka povu zito la sabuni kwenye maungio, subiri. Mapovu madogo yanayokua taratibu ndiyo tundu lako. Kwa uvujaji mdogo zaidi, fundi huweka rangi maalumu kwenye mfumo na kurudi baada ya siku chache na tochi ya zambarau. Panapovuja panang'aa kijani.

Kuvuja peke yake si kifo. Oringi, ule mpira wa duara wa kuzibia maungio, ni kitu cha bei ndogo sana, na sili ya shafti hubadilishwa na fundi mwenye mikono mizuri. Kifo kinakuja baadaye, kwa wanaojaza juu ya tundu.

IST ya yule mama ilikuwa na huo mstari. Ulianzia kwenye klachi ukapanda mpaka kwenye chuma cha mbele, mweusi na mnene, wa miezi mingi. Mafundi wawili walishaifungua boneti ile ile, na mmoja wao akajaza gesi tena na tena akiwa anautazama.

Hatua ya 5: Gusa mabomba mawili

Kompresa ina bomba nene la kuvuta na bomba jembamba la kusukuma. Baada ya dakika tano za AC, bomba nene linatakiwa kuwa baridi, hata kutoa jasho. Bomba jembamba linakuwa la moto sana, kwa hiyo liguse kwa ncha ya kidole na haraka, au lisogelee tu kwa kiganja.

Tofauti hiyo ndiyo kazi ya kompresa. Klachi ikiwa imeshika, inazunguka, na mabomba yote mawili ni vuguvugu yanayofanana, basi kuna mawili tu: hakuna gesi ya kutosha, au kompresa inazunguka bila kusukuma. Geji itaamua.

Hatua ya 6: Soma geji pamoja na fundi

Geji ina bluu ya presha ndogo na nyekundu ya presha kubwa. Kabla ya kuwasha, zote zinatakiwa kusoma sawa. Kwa gesi ya R134a, inayotumika kwenye magari mengi ya mtumba kutoka Japani, joto la nyuzi 30 linaleta karibu psi (kipimo cha presha) 95 hadi 100. Hapa kuna kosa ambalo ningependa kila mwenye gari alijue: namba hiyo inakuambia gesi ipo, haikuambii ipo kiasi gani. Gesi kidogo na gesi nyingi, injini ikiwa imezimwa, husoma karibu sawa. Kiasi kinajulikana kwa mizani peke yake. Kiko kwenye kibandiko ndani ya boneti, kwa gramu. Fundi anayejaza kwa kutazama geji tu anakisia.

Washa, panda mpaka 1,500. Kwa joto letu, bluu ikae kati ya 30 na 45, nyekundu kati ya 180 na 260 hivi. Zote mbili zikiwa chini, gesi imepungua. Zote zikiwa juu, gesi imezidi, au mfumo una hewa, au kondensa haipoi. Bluu ikizama mpaka chini ya sifuri na nyekundu nayo iko chini, kuna mahali pameziba, mara nyingi ekspansheni.

Mchoro wa kompresa iliyochoka haufanani na hiyo yote: bluu iko juu na nyekundu iko chini, kama ndugu wanaosogeleana. Kwenye IST, bluu ilisoma 75 na nyekundu 130. Tulipozima, mishale ikakutana ndani ya sekunde chache. Kwenye kompresa nzima mishale husogeleana taratibu. Ikikimbiliana hivyo, valvu za ndani hazizuii kitu.

Mwenye kompresa isiyo na klachi au yenye kujirekebisha asikubali hukumu hapo hapo. Valvu ya umeme ikikwama inaleta mchoro ule ule, na kwenye kompresa nyingi valvu hiyo hutolewa na kubadilishwa peke yake.

Hatua ya 7: Kitambaa cheupe

Hatua hii watu wanairuka, na kuiruka ndiko kunakoua kompresa mpya. Gesi ikishavutwa kwa mashine, bomba lifunguliwe, na oili iliyomo ipakwe kwenye kitambaa cheupe. Oili nzuri inaonekana kama mafuta mapya ya kupikia au njano kidogo. Oili nyeusi yenye chembe zinazomeremeta juani ni unga wa chuma wa kompresa yenyewe, na unga huo umeshatembea mfumo mzima. Toa ekspansheni utazame kichujio chake kidogo; mara nyingi utaukuta umejaa pale.

Kijana mmoja mwenye Toyota Noah alifika kwangu akiwa na kompresa ya tatu ndani ya mwaka mmoja. Kila aliyemfungia alibadilisha kompresa peke yake. Kila mpya ilivuta unga wa ile iliyotangulia, ikasagika nayo. Kama kuna chuma, mabomba na evaporeta vioshwe kwa dawa yake na kupulizwa, draya na ekspansheni vibadilishwe, na kondensa ya mirija myembamba iliyobapa ibadilishwe pia, kwa sababu haioshiki ikatakata. Ni gharama kubwa, najua. Lakini ni ndogo kuliko kompresa tatu.

Mahybrid: usiguse

Prius, Aqua na ndugu zao wana kompresa ya umeme, haina mkanda. Nyaya zake za rangi ya chungwa hubeba umeme mkubwa wa betri ya hybrid, unaoua mtu. Oili yake pia ni tofauti. Ukitia oili ya PAG ya magari ya kawaida, hata kiasi kidogo kilichobaki kwenye mipira ya geji, uwezo wa kuzuia umeme kuvuja unashuka, na gari linaweza kugoma kuwaka. Zinatumia ya ND-11. Muulize fundi wako oili gani anaweka kabla hajachomeka kitu. Akikuambia oili zote ni moja, ondoka.

Gesi nayo iulizie. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka huko Vietnam na Brazil yakaua watu watatu, kwa sababu ya R134a bandia iliyochanganywa na kemikali ya R40, inayoila aluminiamu na kutengeneza kitu kinachowaka kikigusa hewa. Mwili wa kompresa ya gari nao ni aluminiamu. Nunua mtungi uliofungwa kwa muuzaji anayejulikana, na usikubali gesi ya jikoni iwekwe kwenye AC yako kwa sababu ya unafuu.

Ikikushika njiani

Ukisikia yowe la mkanda na harufu ya kuungua, zima AC papo hapo. Yowe likikoma, chomoa waya wa klachi ili isishike tena, endelea na safari bila AC. Lisipokoma, beringi ya puli imekwama, na hapo simama. Kwenye magari mengi ya injini ndogo, mkanda mmoja unazungusha kompresa, alternata na pampu ya maji. Ukikatika kati ya Chalinze na Morogoro, taa ya betri itawaka kwanza, kisha injini itachemka ndani ya dakika chache. Anayelazimisha kufika anaua injini kwa kuokoa safari. Wenye magari ya zamani ambayo kompresa ina mkanda wake peke yake wanaweza kuukata na kuendelea.

Ukienda kununua ya mtumba

Kompresa nyingi zinazofungwa hapa zimeshatumika, hakuna ubaya. Kataa ile ambayo matundu yake yameachwa wazi, kwa sababu oili yake inanyonya unyevu wa hewa na imekaa hivyo haijulikani tangu lini. Zungusha sahani kwa mkono, siyo puli. Ziba tundu la kusukuma kwa kidole gumba huku unazungusha. Unatakiwa uhisi ikikusukuma. Mwaga oili yake kwenye kitambaa uitazame rangi. Hesabu mifereji ya puli ilingane na mkanda wako, na soma kibandiko ujue gesi na oili yake. Draya mpya na oringi mpya ni lazima kila mfumo unapofunguliwa, na vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu wote kwa mashine, isipungue nusu saa.

Wanaoishi Arusha, Iringa au Makete, mwezi wa saba msiizime AC miezi mitatu mfululizo. Iwasheni dakika kumi kila wiki, hata kwa baridi, oili ifike kwenye sili ya shafti isikauke.

Kwa ile IST, kitambaa kilitoka na oili ya njano, haina chembe. Ilikuwa imechoka kwa ukavu lakini haijasagika, kwa hiyo mama alinunua kompresa, draya na oringi, kondensa ikabaki. Tulivuta vakyumu dakika arobaini, mishale haikusogea. Tukaweka oili kwa kipimo, tukajaza gesi kwa mizani kufuata kibandiko. Bluu 35, nyekundu 210. Alikaa kwenye usukani saa nane mchana, gari likiwa juani, akatazama kipimajoto kikishuka mpaka 9, kisha akageuka kumfunika mtoto kwa kanga.